Jiko la peleti kwenye dohani ya jiko la kuni: adapta inatosha?

SWALI: Habari za kazi, ndugu wataalamu. Tumehamia nyumba yenye jiko la kuni sebuleni hapa Lewiston, Maine, Marekani. Moshi wake hutoka kwa dohani ya matofali iliyojengwa upande wa nje wa ukuta, na bomba lake ni la inchi 6. Baba hawezi tena kupasua wala kubeba kuni, kwa hiyo tunataka jiko la peleti, yaani vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa. Tundu la moshi la jiko jipya ni inchi 3. Jirani anasema tununue adapta (kiungo cha kuunganisha mabomba ya vipimo tofauti), tuchomeke, kazi imekwisha. Ni kweli?

JIBU: Adapta zipo madukani na itaingia vizuri tu. Tatizo linaanza baada ya hapo.

Jiko la kuni halina feni. Moshi wake ni wa moto sana, unapanda wenyewe, na dohani inauvuta. Bomba likiwa na upenyo mdogo kwenye maungio, hewa ya chumbani ndiyo huingia bombani. Jiko la peleti ni kinyume chake: feni inasukuma moshi utoke, kwa hiyo upenyo wowote kwenye maungio unamwaga moshi sebuleni, pamoja na kaboni monoksidi, gesi ya sumu ambayo haina rangi wala harufu. Ndiyo sababu bomba jeusi la jiko la kuni halifai kwa jiko la peleti hata kama vipimo vinalingana.

Jambo la pili ni joto. Jiko la peleti huacha sehemu kubwa ya joto chumbani, na moshi wake hutoka ukiwa umepoa kuliko wa kuni. Sasa piga hesabu ya nafasi. Bomba la inchi 3 lina eneo la inchi 7 za mraba hivi. La inchi 6 lina 28, yaani mara nne. Ukiumwaga moshi moja kwa moja kwenye dohani yenye vigae vya udongo vya inchi 8 kwa 12 kwa nje, nafasi ya ndani ni kama mara kumi. Moshi ukiingia humo unapunguza mwendo, unapoa, mvuke unageuka maji, na majivu laini yanaanguka. Maji na majivu hukauka yakawa magumu kama plasta. Mengine hulowesha kreosoti ya zamani, ile lami nyeusi iliyoachwa na kuni, na utaona michirizi ya kahawia inayonuka ikishuka ukutani. Dohani yenu iko nje, na baridi ya Januari huko Maine mnaijua wenyewe.

Kanuni ya Marekani ya NFPA 211 (ya chama cha kinga ya moto, kuhusu dohani) inataka nafasi ya dohani isizidi mara tatu ya tundu la jiko, na isizidi mara mbili ikiwa dohani ina upande ulio nje. Imeandikwa kwa majiko yanayotegemea mvuto wa dohani bila feni, lakini moshi kupoa ni kulekule.

Kwa hali yenu, jibu ni kushusha bomba jipya la inchi 4 la chuma kisichoshika kutu ndani ya dohani, kuanzia kwenye jiko hadi juu kabisa. Kwa nini 4 wakati jiko ni la 3? Kwa sababu ya urefu. Mafundi hugeuza kila kipande kuwa futi za kulinganisha, hivi: elbo (kona ya bomba) ya nyuzi 90 au ti (kiungo chenye umbo la herufi T) ni futi 5, elbo ya nyuzi 45 ni futi 3, kila futi ya bomba la kulala ni futi 1, kila futi ya bomba la kusimama ni nusu futi. Tuseme mna ti nyuma ya jiko (5), futi 3 za kupanda (1.5), elbo moja (5), futi 2 za kulala kupita ukutani (2), ti nyingine ndani ya dohani (5), na futi 20 hadi juu (10). Jumla ni 28.5. Ikipita 15, tumieni inchi 4. Vijitabu vya majiko mengi huweka kikomo karibu na 30, kwa hiyo hapo hakuna nafasi ya kuongeza elbo hata moja. Jiko likisogezwa tundu lake litazamane na tundu la ukutani, elbo moja inapungua, na pahali pamoja pa majivu kukwama panapungua pia.

Kabla ya yote, dohani ifagiliwe. Ikiwa kreosoti inang'aa kama kioo, brashi ya kawaida haiitoi. Itafuteni huduma ya mfagiaji mwenye cheti cha CSIA (taasisi ya Marekani ya usalama wa dohani), na apitishe kamera aone kama vigae vimepasuka.

Bomba la chumbani liwe la kuta mbili, lenye alama ya PL au L (aina za bomba zinazofaa peleti) na maandishi UL 641, yaani kiwango cha usalama lilichopimwa nacho. Liwe mbali na mbao au ukuta unaoshika moto kwa inchi 3, isipokuwa lebo yake inaruhusu pungufu. La ndani ya dohani ni lile linalopinda, la chuma cha aina ya 316, lililoidhinishwa kwa peleti. Msidanganywe na bei ya bomba la alumini. Hilo ni la gesi. Bomba la mashine ya kukaushia nguo halistahili hata kutajwa, lakini watu wanalitumia.

Bomba linashushwa kutoka juu ya paa kwa kamba, mtu mmoja juu na mwingine chini akilielekeza kwenye ti. Kazi hii haifanywi paa likiwa na barafu. Juu wekeni bamba la kuziba nafasi iliyobaki, lipakwe silikoni, kisha kofia ya mvua. Kofia isiwe na wavu wenye matundu madogo, kwani majivu yataziba wavu huo kabla ya msimu kwisha. Chini, pale bomba linapoingia kwenye dohani, zibeni kwa bamba la chuma na sufi ya mawe (rock wool), hewa baridi isishuke chumbani.

Adapta ya 3 kwenda 4 ikae palepale kwenye jiko. Maungio hayo ya kwanza ndiyo yanayovuja mara nyingi, kwa sababu fundi hupaka silikoni kwingine kote akayasahau. Tumieni silikoni ya joto kali, muiache saa 24. Kifuniko cha kusafishia kwenye ti kisigundishwe. Kina gasketi yake ya kuzibia. Kisha washeni jiko kwa nguvu nusu saa, zimeni taa, mumulike kila maungio kwa tochi. Moshi utaonekana kwenye mwanga.

Jirani yenu hakukosea kila kitu. Dohani ikiwa ndani ya nyumba, na tayari ina bomba zima la chuma la inchi 6, jiko la inchi 4 linaweza kuunganishwa kwa adapta kama kijitabu cha jiko kinaruhusu: 28 kwa 12.6 ni mara mbili na robo. Nyinyi hamko hapo. Na kabla ya kununua chochote, ulizeni kibali kwenye ofisi ya mji, na muiarifu kampuni ya bima ya nyumba.

SWALI: Umeme ukikatika usiku wa dhoruba ya theluji, moshi si utarudi ndani?

JIBU: Kidogo tu. Feni inasimama, lakini parafujo inayoleta peleti nayo inasimama, hivyo moto uliobaki ni wa konzi moja na unakufa baada ya dakika chache. Hapo bomba la kupanda lina faida kuliko lile linalotokea ukutani moja kwa moja, kwa kuwa linaendelea kuvuta. Usifungue mlango wa jiko. Kengele ya kaboni monoksidi iwe na betri. Ukitaka akiba ya umeme, kumbuka jiko linahitaji wati 300 hadi 400 wakati wa kuwaka, kisha kama 100.

SWALI: Naweza kuliacha jiko la kuni la ghorofa ya chini litumie dohani hiyohiyo?

JIBU: Hapana. Feni ya jiko la peleti itausukuma moshi utokee kwenye jiko la kuni. Kila jiko na njia yake.

SWALI: Baada ya miezi miwili kioo kinakuwa cheusi na moto ni wa rangi ya chungwa, mrefu, mvivu. Peleti ni zilezile.

JIBU: Jiko linakosa hewa. Fungua ti umwage majivu. Kwa kawaida bomba husafishwa kila unapomaliza tani moja, yaani mifuko 50 ya ratili 40. Zibua matundu ya kikombe cha moto, pale peleti zinapoungulia. Kisha bana karatasi kwenye mlango uivute: ikitoka bila kushika, gasketi imekwisha. Ikiwa bado, ponda peleti moja kwa vidole. Nzuri huvunjika kwa mlio. Iliyonyonya unyevu huvimba na kuwa unga, na mfuko huo hauna dawa.