Chakula cha mchana cha kubeba begini: Lushoto hadi Mtae bila kuwasha jiko

Ndugu, umeuliza ule nini mchana katika matembezi ya siku nne kutoka Lushoto hadi Mtae, kwenye milima ya Usambara nchini Tanzania, ukiwa na begi la mgongoni na usingependa kusimama njiani kuwasha jiko. Njia hiyo naifahamu, na ushauri wangu ni kwamba upange chakula kwa kufuata kinachowahi kuharibika: anza na chenye majimaji, malizia na kikavu.

Siku ya kwanza ruhusu anasa. Pita Irente, ambako shambani hutengenezwa jibini, jemu na mkate mweusi mzito usiovunjikavunjika begini, kisha ongeza maparachichi, mengine yaliyoiva na mengine magumu ya siku zinazofuata. Mayai ya kuchemsha yabebe na maganda yake na uyamalize siku hiyo hiyo. Wali uache nyumbani, kwa kuwa ni mzito na huchacha upesi. Yupo atakayekuambia kwamba pilau haichachi, naye usimsikilize.

Kuanzia siku ya pili, tegemeo langu ni chapati na dagaa. Chapati za safari zikandwe kwa mafuta mengi kidogo kuliko kawaida, na zikishaiva zitandazwe juu ya kitambaa hadi zipoe kabisa, kwa sababu ukizifunga zingali na joto hutoa jasho, na kesho yake utakuta zimeanza kunata na kunuka. Kwa baridi ya Usambara, zilizopoa vizuri hufika siku ya pili bila tatizo, na kama utakosa nyingine za kununua vijijini, za siku ya tatu huwa ngumu tu. Dagaa napendelea wa Kigoma, maana hawana mchanga mwingi. Watoe vichwa, waoshe kwa maji ya moto, waanike wakauke, kisha wakaange kwa moto mdogo pamoja na chumvi na pilipili mpaka ukimbana mmoja kwa vidole avunjike badala ya kupinda. Akipinda bado ana maji, nao hawatadumu. Waache wapoe ndipo uwatie kwenye kopo lenye mfuniko. Ndimu ibebe nzima na uikamulie juu ya chapati wakati wa kula. Viganja viwili vya dagaa ndani ya chapati mbili, na nusu ya parachichi iliyopondwa kama siagi, ni mlo kamili ulioandaliwa ukiwa umekaa juu ya jiwe.

Asiyependa dagaa atafute nyirinyiri, yaani vipande vidogo vya nyama iliyokaushwa na kukaangwa, ambavyo wafugaji wa kaskazini mwa Kenya huhifadhi kwenye mafuta kwa muda mrefu. Nairobi huuzwa Eastleigh.

Watu wengi hubeba viazi vitamu vya kuchemsha, na ni vitamu kweli, lakini gramu 100 zake hutoa kilokalori 80 hivi, ilhali karanga za uzito huo huo hutoa takriban 570 na tende karibu 280. Begi likiwa mgongoni tangu asubuhi, tofauti hiyo utaihisi mabegani. Ndiyo maana siku mbili za mwisho naziachia karanga, korosho, tende na kashata, nikinunua ndizi mbivu vijijini na, msimu ukinikuta, pichesi na matunda damu. Vitu hivi usivisubirishe hadi saa saba ndipo uvimalize kwa mkupuo mmoja. Tia mfukoni, utafune kidogo kidogo kila unapopumzika, kwani kupanda mlima tumbo likiwa limejaa ni adhabu.

Kuhusu vifungashio, mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo tumia vitambaa na makopo.

Jambo pekee la moto ninalolibeba ni chupa ndogo ya chai ya tangawizi, ijazwe asubuhi mahali ulipolala. Ukungu wa msitu wa Magamba ukikushukia ukiwa umelowa, chapati baridi hushuka vizuri zaidi kwa chai, hata kama chupa itakuongezea uzito.