Tulivyomuaga Bwana Nyama wetu hapa Dodoma, na ushauri kwenu mnaojiandaa kumuaga wenu

Tangu niweke stetasi zile picha za hafla ya kumuaga Mzee wetu, afisa wanyamapori aliyestaafu, simu yangu haijapumzika. Dada mmoja wa Singida kaniandikia kwamba bosi wao wa wanyamapori anastaafu mwezi wa sita, yeye ndo katibu wa kamati, michango imeingia vizuri ila hawajui wafanye nini zaidi ya pilau na friji. "Kaka nyie mlifanyaje mpaka mzee akalia?" Nimeona badala ya kujibu mmoja mmoja niandike hapa, maana najua wengi wenu mna wazee wenu ofisini na mnataka kuwaaga kwa heshima.

Ila ili mnielewe lazima nianze na baba.

Baba yangu alikuwa askari wa gemu, yaani askari wa wanyamapori. Enzi hizo kule kwetu Manyoni kila mtu wa gemu aliitwa bwana nyama, awe na cheo asiwe nacho. Maisha yake yaliishia kwenye mapori ya akiba ya Rungwa na Kizigo, tulikuwa tunamuona siku chache kwa mwezi, anarudi amekonda, miguu imechanwa na miiba, analala siku nzima alafu anaondoka tena. Mwaka 1989 alikuwemo kwenye Operesheni Uhai, ile ambayo jeshi, polisi na watu wa wanyamapori waliingia maporini pamoja kuwasaka majangili. Kwa vijana wasiojua hali ilivyokuwa, pori la akiba la Selous peke yake mwaka 1976 ilikuwa na tembo zaidi ya laki moja, ilipofika 1989 wamebaki kama elfu 30 hivi. Mwaka huohuo mwezi wa kumi nchi zikakutana Lausanne kule Uswisi zikakubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu, na Tanzania ilikuwa moja ya nchi zilizopeleka hilo pendekezo. Yaani wakati wakubwa wanaongea Ulaya, baba yangu alikuwa anakunywa maji ya kwenye dimbwi aliloshea na nyati.

Alistaafu 1998. Ofisi yake ilimuita Ijumaa moja, wakampa soda, baiskeli na cheti. Kwenye cheti jina la ukoo limekosewa herufi mbili, na kazi imeandikwa "mlinzi". Mlinzi! Nilikuwa darasa la sita, najivunia kusoma, nikakisoma kwa sauti mbele ya wageni waliokuja nyumbani kumpongeza, nikaona mzee anaangalia chini. Alikitundika hivohivo ukutani mpaka amefariki 2011. Sijawahi kulisahau lile na sidhani kama nitalisahau.

Kwahiyo Mzee wetu alipokaribia 60 na ikaundwa kamati, mimi nilijitolea uenyekiti kabla hawajamaliza kuuliza nani yuko tayari. Huyu ni mtu aliyeanza kama askari wa kawaida mwaka 1988, akasoma huku anafanya kazi, akamaliza kama afisa wanyamapori wa wilaya, miaka karibu yote ni kanda hii ya kati. Mimi amenifundisha kazi toka nimeajiriwa, ananiita mwanangu.

Vikao sitawachosha navyo, mnajua vikao vya kamati. Ila yapo mambo mawili niliyopigania.

La kwanza zawadi. Mjumbe mmoja, kwa nia nzuri kabisa, alisema tumtafutie kichwa cha nyati au ngozi ya kutundika sebuleni, ionekane alikuwa mtu wa wanyama. Jamani! Ile ni nyara, yaani kiungo cha mnyamapori. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2009 ukikutwa nayo bila hati ya umiliki ni kosa la jinai, sasa mtu amekamata watu miaka 37 kwa kosa hilo alafu nyie mumkabidhi kosa lilelile limefungwa ribon? Mnaoaga watu wa wanyamapori liangalieni sana hili. Sisi tulimnunulia matenki mawili ya maji na mizinga kumi ya nyuki, maana alishasema anarudi kijijini kufuga.

La pili, na hili ndo kubwa, nani azungumze. Ratiba ya kwanza ilikuwa na wazungumzaji tisa na wote ni wakubwa. Nilishahudhuria hafla nyingi za hivo, anasimama mmoja anasoma tamko la Mwalimu la Septemba 1961 kuhusu wanyamapori (na MC anakwambia ni Azimio la Arusha, ndugu zangu Azimio la Arusha ni 1967, ni kitu kingine kabisa), anayefuata anasema "mchapakazi, mwadilifu, mcheshi", wa tatu anarudia. Ukibadilisha jina unaweza kumuaga nayo mhasibu, dereva, yeyote. Baba yangu aliagwa kwa maneno ya hivo. Nikasema hapana, tuwatafute walioiona kazi.

Nikachukua pikipiki nikaenda Chemba, upande ule wa pori la akiba la Swagaswaga. Nikaenda mara tatu. Niliuliza kijiji kwa kijiji nani anamkumbuka Bwana Nyama, na wote wakanielekeza kwa mama mmoja mtu mzima, mjane, analima mtama na alizeti. Nikajua atanihadithia alivyookolewa. Mama akaniambia, "Yule ndiye aliyeninyima hela."

Tembo walishamaliza shamba lake lote usiku mmoja. Mzee akaja kupima. Sasa wenye kazi mnajua, kanuni za 2011 za kifuta jasho (malipo ya serikali kwa aliyeharibiwa mazao na wanyama) zilikuwa zinaangalia umbali, shamba likiwa ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi lilikuwa halilipwi, na hata ukiwa na ekari 20 zilikuwa zinahesabiwa 5 tu. Shamba la mama lilikuwa ndani ya hizo mita. Wapo wengi ambao wangejaza fomu waondoke, wakamwacha mama wa watu anasubiri mwaka, miaka miwili, kila akiuliza anaambiwa faili liko juu. Mzee alikaa chini kwenye kinu kilichopinduliwa akamwambia ukweli palepale: mama, hapa hulipwi, sitaki nikudanganye. Mama akamfukuza kwa maneno mazito.

Baada ya siku nne akarudi na kamba za katani, pilipili ya kusaga, oili chafu na matambara. Wakazungushia shamba la mtoto wa yule mama kamba zenye matambara yaliyoloekwa kwenye pilipili na oili, Mzee mwenyewe kashika matambara, mikono inamuwasha mpaka usiku. Tembo ananusa mbali na pilipili haipendi, ila kazi yake ni kwamba mvua ikinyesha lazima uloeke upya, na Mzee alikuwa anapita kukumbusha misimu mitatu mfululizo.

Huyo mama tulimleta Dodoma. Alipewa maiki wa kwanza, kabla ya mgeni rasmi, na nilishagombana na watu wa itifaki kwa ajili hiyo. Alianza na, "Nilimtukana huyu." Ukumbi kimya. Alivyofika kwenye matambara Mzee alishavua miwani. Aliyefuata ni mke wake, ambaye kwenye ratiba ya zamani alikuwa wa kupewa kitenge tu na kukaa. Alisimulia 2013 na 2014 walivyoishi, ule wakati ujangili umerudi kwa nguvu mpaka sensa ya 2014 ikakuta tembo 43,000 na ushee nchi nzima wakati 2009 walikuwa zaidi ya 109,000. Alisema alikuwa analala na simu mkononi, na kwamba hajawahi kuambiwa asante na mtu yeyote wa serikali mpaka siku hiyo.

Kwahiyo dada yangu wa Singida, anzeni mapema. Anzeni sasa hivi, msisubiri mwezi wa tano. Nendeni vijijini mkamsikilize aliyeliwa shamba, aliyekamatwa, aliyenyimwa, hata asiyempenda. Cheti mkisome watu watatu tofauti kabla hakijachapwa, jina herufi kwa herufi, cheo kama kilivyo. Na mapema jamani, narudia, mapema, wazee wanaokumbuka wanaondoka. Mtu ametoa ujana wake porini, hamuwezi kumpa saa mbili za maneno ya kuazima mkasema mmemheshimu, hiyo ni dhambi kabisa.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi Mzee kanipigia. Nikadhani anashukuru. Akauliza mama amefika salama, nikamwambia amefika. Akauliza kama kule imenyesha. Nikasema nasikia imenyesha kubwa Jumapili.

"Basi mpigie, yale matambara yaloekwe leo, mtama umeshatoa masuke."