Maswali ya wasomaji: adapta ya wifi kwa kompyuta ya mezani

Kompyuta nyingi za mezani za mtumba zinazouzwa Kariakoo zilitengenezwa kwa matumizi ya ofisini, na ofisini mashine huunganishwa kwa waya. Ndiyo maana wengi wenu mnafika nazo nyumbani na kukuta hazina wifi. Tumechagua barua tano.

Habari za kazi wataalamu. Nimenunua Dell OptiPlex 7010 ya mtumba, haina wifi. Ruta iko sebuleni, mashine iko chumbani, na katikati kuna kuta mbili za tofali za saruji. Kifurushi chetu cha faiba ni cha Mbps 20. Dukani nimeonyeshwa adapta za USB za 150, 300, 600 na 1200. Muuzaji anasema kubwa ndiyo nzuri. Nichukue ipi?
*Msomaji, Tabata Segerea*

Nzuri, ndugu yetu. Muuzaji hajakudanganya, ila hajakumalizia maelezo.

Zile za 150 na 300 ni za masafa ya GHz 2.4 peke yake. Kwa 600 na 1200, namba ya kwenye boksi ni jumla ya kasi za masafa mawili, GHz 2.4 na GHz 5. Ile ya 600 ni 150 kwenye 2.4 na 433 kwenye 5, halafu mtengenezaji akaikuza kidogo ili isomeke vizuri. Ya 1200 ni 300 na 867. Adapta ikiunganishwa na ruta hutumia masafa ya aina moja tu kwa wakati, kwa hiyo hiyo 1200 hutaiona hata siku moja.

Hata kasi ya upande mmoja ina masharti yake. Adapta ya 150 huifikia 150 pale tu ruta inapotumia chaneli (njia ya kupitishia data ndani ya masafa) pana ya MHz 40. Kwenye chaneli ya kawaida ya MHz 20 kikomo chake ni 72, na data inayokufikia kweli ni kama nusu ya hapo, tena ukiwa karibu na ruta. Kwa kifurushi cha Mbps 20 ingetosha, kama usingekuwa na majirani. Masafa ya 2.4 yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na mtaani kwenu karibu kila nyumba ina ruta au mifi inayogombea hizohizo. Jioni watu wakisharudi makwao, hiyo nusu nayo inamegwa.

Kwa hiyo anza na ruta kabla ya duka. Igeuze usome stika yake. Ukiona majina mawili ya wifi, moja likiishia na 5G, basi ina masafa yote mawili. (Hiyo 5G ya kwenye jina haihusiani na 5G ya simu, ni GHz 5 iliyofupishwa.) Ruta ikiwa ya 2.4 peke yake, nunua adapta ya 300 yenye antena mbili na uishie hapo, kwa sababu pesa utakayoongeza kununua ya 1200 haitakupa kitu mpaka ubadilishe ruta. Ruta ikiwa na 5, chagua kati ya 600 na 1200. Kwa kasi peke yake hata 600 inazidi mahitaji yako. Sisi tungechukua 1200 kwa sababu nyingine: ina antena mbili badala ya moja, na kuta zako mbili zitaihitaji hiyo ya pili.

Kuta zenyewe zipime kwa simu kabla hujatoa hela. Simama pale kompyuta ilipo, unganisha simu kwenye jina la 5G, cheza video kwa dakika kumi. GHz 5 huchoka haraka kuliko 2.4 inapopita kwenye saruji, na nondo za nguzo au madirisha huongeza shida. Simu ikishindwa kushika pale, usitegemee kidude cha USB kifanye maajabu. Utarudi kwenye 2.4 au itabidi usogeze ruta. Zile adapta ndogo kama ukucha zina antena fupi mno, tena zinajificha nyuma ya boksi la chuma la kompyuta. Zinafaa laptopu iliyo chumba kimoja na ruta. Kwa chumba chako hatuzipendekezi.

Kuhusu poti, OptiPlex 7010 ina poti nne za USB 3.0 zenye rangi ya bluu, mbili mbele na mbili nyuma. Lakini USB 2.0 ina kikomo cha Mbps 480 kwenye karatasi na karibu 300 kwa kazi halisi, kwa hiyo kwa Mbps 20 poti yoyote inatosha. Poti ya bluu utaihitaji siku ukihamisha mafaili makubwa kati ya kompyuta mbili za humohumo ndani.

Kabla ya kutoka dukani, omba ichomekwe kwenye laptopu yao. Fungua dirisha jeusi la amri (cmd), andika *netsh wlan show drivers*, kisha tafuta sehemu yenye jina la adapta yako na usome mstari wa "Radio types supported". Ukiona 802.11ac au 802.11a, ina GHz 5. Ukiona 802.11b, g na n tu, ni ya 2.4 peke yake, boksi liseme lisemavyo. Antena ndefu ya plastiki si ushahidi wa chochote.

Na kama unaweza kupitisha waya wa mtandao wa Cat 5e pembeni mwa ukuta, achana na adapta kabisa. Mashine yako ina poti ya waya ya gigabiti 1, waya huo unakwenda hadi mita 100, na jirani hawezi kuuingilia.

Nimenunua kale kadogo ka USB, boksi limeandikwa 600. Ndani kuna sidii lakini kompyuta yangu haina pa kuiweka. Nikikachomeka inatokea kama sidii nyingine kwenye orodha ya draivu, wifi haionekani. Natumia Windows 10. Ni kabovu?
*Msomaji, Mbagala Zakhem*

Hapana. Adapta nyingi za siku hizi zina hifadhi ndogo ndani yake yenye draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa. Zikikuta kompyuta isiyo na draiva hujitambulisha kama sidii. Draiva ikishaingia, ile sidii hupotea na adapta huonekana. Ifungue hiyo sidii, bofya mara mbili faili la Setup, subiri limalize, chomoa adapta kisha ichomeke upya.

Ikigoma, tumia simu ya Android. Iunganishe na wifi ya nyumbani, zima data ya laini ili bando lisiguswe, chomeka waya wa USB kwenye kompyuta, kisha kwenye mipangilio ya hotspoti washa "USB tethering". Kompyuta itaiona simu kama mtandao wa waya. Sasa fungua Windows Update na uiache itafute. Kwa chipu nyingi draiva huja yenyewe. iPhone nayo hushirikisha intaneti kwa waya, ila hutoa data ya laini na si wifi, kwa hiyo angalia bando lako.

Bado haijaja? Fungua Device Manager, bofya kulia kwenye kifaa chenye alama ya mshangao ya njano, chagua Properties, kisha Details, halafu Hardware Ids. Utaona VID na herufi nne, kisha PID na nyingine nne. VID ni ya kampuni: 0BDA ni Realtek, 148F ni Ralink ambayo ilichukuliwa na MediaTek, 0E8D ni MediaTek wenyewe, 2357 ni TP-Link. PID ndiyo inayoitambulisha chipu. Tafuta draiva kwa namba hizo kwenye tovuti ya mtengenezaji, si kwa jina la boksi, maana boksi moja hubadilishiwa chipu bila jina kubadilika. Programu zinazodai "kutafuta draiva zote" ziepuke. Nyingi huishia kukudai pesa au kukuwekea takataka.

Na hapa kuna jambo la kukuhusu wewe. Ukikuta 148F na 7601, hiyo ni MT7601U. Ukikuta 0BDA na 8179, hiyo ni RTL8188EUS. Zote mbili ni za 150 na hazina GHz 5. Boksi linasema 600, kwa hiyo ukikuta mojawapo ya hizo chukua risiti urudi dukani.

Adapta yangu ni nzuri, ila kila nikihamishia mafaili kwenye diski ya nje wifi inakatika, na hata mausi isiyo na waya inaanza kusuasua. Nikichomoa diski, kila kitu kinarudi sawa. Fundi kanishauri ninunue adapta nyingine.
*Msomaji, Sinza*

Usinunue bado. USB 3.0 inapopitisha data hutoa kelele ya redio inayoangukia palepale kwenye GHz 2.4. Intel walilieleza tatizo hili kwa vipimo mwaka 2012. Kelele hiyo hutoka kwenye diski, kwenye waya wake na kwenye poti yenyewe, na antena iliyo sentimita chache pembeni husikia kelele hiyo badala ya ruta. Mausi yako pia ni ya 2.4, ndiyo maana zinaugua pamoja.

Tiba ni umbali. Nunua waya wa kurefushia USB wa mita 1 au 1.5, weka adapta juu ya meza mbali na diski, mbali na sehemu ya nyuma ya skrini, na isiegemee grili ya dirisha. Adapta kubwa za mezani huja na kitako chenye waya wake. Watu hukiacha ndani ya boksi, nacho ndicho cha maana kuliko vyote vilivyomo. Usizidishe waya, kwani ukifika mita 5 ndio mwisho wa USB 2.0, na USB 3.0 huanza kusumbua mapema zaidi. Kipokezi cha mausi kihamishie poti ya mbele, diski ibaki nyuma. Na kama ruta yako ina GHz 5, hamia huko; kelele hii haiigusi.

Ikiendelea kukatika hata diski ikiwa haipo, hilo ni tatizo la pili. Kwenye Device Manager, fungua adapta, nenda Power Management, ondoa tiki inayoruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa umeme. Kisha angalia umechomeka wapi. Poti ya USB 2.0 hutoa miliampea 500, na habu (kile kidude cha kuongezea poti za USB) isiyo na chaji yake hugawa hizohizo kwa vifaa vyote. Adapta ya antena mbili ikianza kurusha data nyingi, umeme hauitoshi na inajizima na kujiwasha. Chomeka adapta, au waya wake wa kurefushia, moja kwa moja nyuma ya mashine bila habu. Poti za mbele za mashine za mtumba mara nyingi zimelegea kwa kuchomekwa flashi miaka na miaka.

Natumia Ubuntu. Adapta ipi haitanisumbua?
*Mwanafunzi, Mlimani*

Nunua chipu, si chapa. Kwa AC1200 (zile za 1200) tafuta MT7612U, kwa AC600 (zile za 600) tafuta MT7610U. Draiva zake zimo ndani ya kerneli (kiini) ya Linux, ambayo ndiyo msingi wa Ubuntu, tangu mwishoni mwa 2018, unachomeka na inafanya kazi. Ukitaka wifi 6, MT7921AU inahitaji kerneli 5.18 au mpya zaidi. RTL8812BU, ambayo imejaa madukani, imo ndani ya kerneli kuanzia 6.2, chini ya hapo utalazimika kujijengea draiva, na huenda ukairudia kazi hiyo kila kerneli inaposasishwa.

Angalia toleo pia. TP-Link TL-WN722N inasifiwa sana na watu wa Linux, lakini sifa hizo ni za toleo la 1 lenye chipu ya Atheros AR9271. Toleo la 2 na la 3 lina RTL8188EUS. Toleo huandikwa kwa herufi ndogo kwenye stika, mfano "Ver: 3.0". Ukishanunua, amri ya *lsusb* itakuonyesha namba zilezile tulizozieleza kwa msomaji wa Mbagala.

Adapta mpya inaona wifi za majirani wote ila yangu haioni. Simu inaiona vizuri.
*Msomaji, Kimara Korogwe*

Uwezekano mkubwa ruta yako imejichagulia chaneli 12 au 13. Adapta zilizopangwa kwa soko la Marekani hazisikilizi huko. Ingia kwenye ruta kwa kivinjari, anwani iko kwenye stika, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, toa chaneli kwenye "Auto" na uweke 1, 6 au 11. Kama jina lisiloonekana ni la 5G, weka chaneli kati ya 36 na 48, kwa sababu za 52 hadi 144 hutumiwa pia na rada na baadhi ya adapta huziruka.

Ikionekana lakini ikakataa nenosiri ambalo una hakika nalo, angalia usalama wa ruta. Ikiwa imewekwa WPA3 pekee (aina mpya ya ulinzi wa wifi iliyofuata WPA2), adapta na draiva za zamani haziwezi kuingia, na Windows 10 yenyewe ilianza kuikubali kwenye toleo la 1903. Chagua WPA2/WPA3 kwa pamoja, hifadhi, kisha kwenye kompyuta futa mtandao huo uliohifadhiwa na uunganishe upya.