Re: Taa gani nifunge kwenye mashine ya kukereza chuma?
Salaam mkuu. Umesema tyubu ya darini inakuachia kivuli kwenye ncha ya kisu, na mara nyingine chuma kinachozunguka huonekana kimesimama. Anza na hilo la pili, ndilo litakalokukata vidole. Kwa umeme wetu wa hezi 50 (mawimbi 50 kwa sekunde, kila wimbi lina vilele viwili), taa ya bei chee huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Kishikio cha meno matatu kinachobana chuma kikienda mizunguko 2,000 kwa dakika, meno nayo hupita mara 100 kwa sekunde, sawa na taa, na macho yanadanganyika. Irekodi taa kwa simu, video ya mwendo wa polepole. Ikipepesa, ing'oe.

Mimi natumia LED ya volti 12 DC (umeme wa mkondo mnyoofu, usio na mawimbi) yenye shingo ya kupinda, nimeikaza kwa skrubu ubavuni mwa mashine, chini ya usawa wa macho. Za sumaku sizipendi: zinakusanya unga wa chuma, halafu mashine ikitetema zinateleza.