Nipeni ya 1928, na mikwaruzo yake

Ndugu Mhariri, mmeuliza wiki hii: muziki mmoja ukiwa umerekodiwa na watu wengi, ukiambiwa ubaki na rekodi moja tu, utabaki na ipi? Najua wengi watawajibu kwa taarabu au dansi. Mimi taarabu ndiyo kazi yangu, napiga chelo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, katika kikundi kimoja hapa Unguja, lakini muziki niliohangaika nao kwa kulinganisha ni wa Mwingereza: konseto ya chelo ya Edward Elgar, yaani muziki ambao chelo moja inatangulia na okestra nzima inaijibu. Jibu langu ni rekodi ya 1928, aliyoipiga Beatrice Harrison huku Elgar mwenyewe akiiongoza okestra. Wanaoujua muziki huu watasema nimekosea. Wangoje kidogo.

Takriban kila anayeifahamu konseto hii aliijua kwa mkono wa mpiga chelo Jacqueline du Pré, na mimi pia. Mgeni mmoja aliyekuja kujifunza kanuni, ile ala yetu ya nyuzi nyingi, aliniachia CD yake: du Pré, London Symphony Orchestra, John Barbirolli anaongoza, Agosti 1965. Binti alikuwa na miaka 20. Muziki unaanza na chelo peke yake, mapigo manne mazito, kila pigo linashika nyuzi kadhaa kwa pamoja. Du Pré anayapiga kama mtu anayevunja mlango. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikakiweka chini. Kwa mwaka mzima sikutaka kusikia mtu mwingine, na nilipojaribu wengine niliona wote wamelala.

Kilichonitoa huko ni udadisi tu. Nilisoma kwamba mtunzi mwenyewe aliirekodi, nikasema haya, tumsikilize mwenye mali.

Mara ya kwanza niliizima. Mikwaruzo kama mtu anakaanga dagaa, okestra imesongamana kana kwamba imefungiwa sandukuni. Vipaza sauti vya umeme vilikuwa ndiyo kwanza vimeingia kwenye kazi ya kurekodi, miaka mitatu tu nyuma. Na sahani za santuri za wakati ule upande mmoja ulichukua dakika nne na kitu, kwa hiyo muziki ulirekodiwa vipande vipande, msikilizaji akawa anainuka kila mara kugeuza. Leo vipande vimeunganishwa, ila ukitega sikio unapasikia palipokatwa.

Nikairudia usiku mwingine umeme ulipokatika, simu mkononi na spika ya masikioni. Hapo ndipo nikasikia vidole.

Nieleze, maana hapa ndipo jibu langu lilipo. Chelo, kama fidla, haina vituo shingoni kama gitaa. Ukitoka noti ya chini kwenda ya juu unaweza kuinua kidole na kukitua juu, pakawa na noti mbili safi, au ukakiburura juu ya uzi mpaka kifike, na njia nzima ikasikika. Kwetu kwenye taarabu huo ndio ulimi wa fidla. Fidla nne au tano zikimjibu mwimbaji zinateleza pamoja, na asiyeteleza tunamwambia anapiga kama piano. Mjomba wangu, aliyenifundisha, alikuwa akinishika kidole na kukivuta taratibu juu ya uzi, asiseme neno, mpaka nikaielewa ile njia.

Sasa Beatrice Harrison anateleza. Tena hatelezi mara moja moja kwa kuremba: noti mbili zikiachana kidogo tu, yeye anapita katikati yake kwa miguu. Na fidla za okestra nyuma yake zinateleza vilevile, kundi zima, kila mmoja kwa mwendo wake kidogo. Ndivyo walivyopiga Waingereza wakati ule, na Elgar mwenyewe alikuwa mpiga fidla kabla hajawa mtu maarufu. Kizazi kilichofuata kikaona ni uchafu, wakasafisha. Kwa hiyo mimi, mtoto wa Unguja, niliyedhani naingia ugenini, nikajikuta nyumbani kwenye sahani ya 1928 kuliko kwenye rekodi yoyote iliyotoka nikiwa hai.

Rudi sasa kwa du Pré utasikia jambo. Yeye pia anateleza, na anateleza kwelikweli, lakini okestra ya 1965 haimfuati. Amebaki peke yake na machozi yake, nyuma yake watu nadhifu. Pengine ndiyo maana rekodi ile inauma vile. Huku kwa Harrison wote wanasema lugha moja, na huzuni inakuwa ya mtaa mzima.

Kuna na suala la mwendo. Du Pré na Barbirolli wanachukua karibu nusu saa. Harrison na Elgar wanamaliza dakika kadhaa kabla. Mtu ataniambia walikimbizwa na ule upande wa sahani. Sikubali. Chukueni kazi yake nyingine, ile sehemu iitwayo Nimrod katika Enigma Variations ya 1899, aliyoitunga kumchora rafiki yake August Jaeger. Kwenye karatasi ya noti Elgar ameandika mapigo 52 kwa dakika, na alipoirekodi mwenyewe 1926 haikufika dakika tatu. Mwongozaji Leonard Bernstein alipoirekodi 1982 na okestra ya BBC alivuka dakika tano. Siku hizi Waingereza huipiga Nimrod kila Novemba wakiwakumbuka wafu wao wa vita, basi imekuwa ya maziko, na kila mwongozaji anaibeba kama jeneza. Elgar alikuwa akisimulia maongezi ya marafiki wawili. Maongezi hayachukui mwendo wa jeneza.

Na konseto vivyo hivyo. Ameitunga mashambani Sussex, Vita vya Kwanza vya Dunia vinaisha, yeye ameshapita miaka 60. Ilipopigwa mara ya kwanza Queen's Hall, London, tarehe 27 Oktoba 1919, mwongozaji wa sehemu nyingine ya programu alikula muda wa mazoezi, ikaharibika. (Kwenye safu ya chelo za okestra jioni ile alikaa kijana anaitwa Barbirolli, huyohuyo wa 1965.) Mzee wa namna hiyo akiongoza muziki wake halii mbele za watu. Sehemu ya tatu, ile ya polepole, chelo inaimba karibu bila kupumzika. Harrison anaipeleka mbele, anapita, kama mtu anayeeleza msiba wa zamani huku anachambua mchele. Mimi huo ndio unaonipata zaidi.

Nimesikiliza na wengine. Pablo Casals, 1945, Adrian Boult akiongoza okestra: mkali, mkavu, nampenda, ila sehemu ya mwisho ananichosha. Sheku Kanneh-Mason, 2020, Simon Rattle akiongoza: kijana mpole, sauti yake inang'aa, chelo imekaa katikati ya okestra bila kujitutumua. Ningempa rekodi hiyo mtu anayeanza, kabla ya du Pré, ili asije akadhani muziki huu hauna namna nyingine.

Harrison mwenyewe alikuwa na vituko. Mwezi Mei 1924 BBC walipeleka mitambo bustanini kwake, Surrey, akapiga chelo usiku na ndege wa mwituni wakamjibu, nchi nzima inasikiliza redioni. Alifariki Machi 1965, miezi mitano kabla du Pré hajaingia studio.

Mwezi uliopita nilimpelekea mjomba zote mbili. Sikumwambia nani ni nani. Ya 1928 aliisikiliza amefumba macho, kidole cha shahada kikitembea juu ya paja lake, kinateleza kila yule bibi alipoteleza. Nikajua nimeshinda. Ikafuata ya 1965. Mwisho kabisa, kabla ya kufunga, yale mapigo manne ya mwanzo yanarudi, na du Pré anayarudisha kwa ghadhabu ileile. Mzee akafumbua macho.

"Huyu binti," akasema, "mrudishe hapo."

Nikamrudisha. Akataka tena. Mara ya tatu nikamuuliza, je yule bibi wa kwanza? Akasema yule anajua kupiga, hana shaka naye, na akanyoosha mkono achukue simu yangu.