Ukiona mdondo bandani, siku ya chanjo imeshapita

Mwaka ule alizeti ilitulipa vizuri, na sehemu ya fedha nikaiweka kwenye kuku. Kufikia Agosti nilikuwa na kuku 63, wote wa kienyeji, mitetea 18 wakiwa wameanza kutaga. Hapa kwetu Singida kuku ni akaunti ya benki ya mwanamke. Ada ya shule, nauli ya msiba, dawa ya mtoto, vyote vinatoka bandani. Mwishoni mwa Septemba, baada ya ugonjwa wa mdondo kupita, nilibaki na kuku 4.

Ilianza na zawadi. Shemeji yangu alitoka mnadani na jogoo mwekundu, mrefu, amemnunulia kaka yake. Nikafungua tenga na kumwachia bandani jioni ileile, alale na wenzake. Siku ya tatu nikamkuta amejikunyata kwenye kona, mbawa zimeshuka hadi chini, amefumba macho mchana kweupe. Kinyesi chake kilikuwa majimaji ya kijani kibichi. Siku ya tano akafa. Nikasema labda ni uchovu wa safari, nikawatupia mbwa matumbo na manyoya nikayamwaga jalalani.

Siku chache baadaye mitetea wakaanza kuhema kwa mdomo wazi, ute unawatoka. Mmoja shingo ilimpinda hadi kichwa kikageukia mgongoni, akawa anazunguka palepale kama amefungwa kwenye kigingi. Huyo sitamsahau. Nilikuwa nikimkamata na kumnyoosha shingo kwa mikono, nikimwachia inarudi kulekule.

Nikakimbilia duka la dawa za mifugo, nikauziwa unga wa antibiotiki wa kuchanganya kwenye maji. Mama mkwe akaleta mshubiri na pilipili kichaa, navyo tukawanywesha. Kuku wanakufa wanne, watano kwa siku. Ndipo nikarudi dukani kutaka chanjo ya mdondo. Nikauziwa, nikawachanja wote waliokuwa wamebaki. Wakaendelea kufa. Nikapandwa na hasira, na kila aliyepita kunipa pole nilimwambia kuwa chanjo ndiyo iliyomaliza kuku wangu. Maneno hayo nayajutia mpaka leo, kwa sababu jirani mmoja aliniamini, akakataa kuchanja, na msimu uliofuata banda lake likabaki tupu.

Aliyenisaidia kuelewa ni bwana mifugo wa kata. Aliniketisha juu ya ndoo, akaniuliza tarehe moja baada ya nyingine: jogoo aliingia lini, alikufa lini, wa pili aliugua lini, nilichanja lini. Alipomaliza akaniambia, "Dada, siku uliyochanja, mdondo ulikuwa umeshalala bandani kwako zaidi ya wiki."

Mdondo, ambao wengine wanauita kideri, unaletwa na virusi. Kwa wataalamu unajulikana kwa jina la mji wa Newcastle huko Uingereza, ambako ulielezwa baada ya mlipuko wa mwaka 1926. Kuku akishaambukizwa anaweza kukaa siku tano, sita, hata wiki mbili akiwa anakula na kuwika kama kawaida huku virusi vinaongezeka mwilini. Ndiyo maana jogoo wa shemeji alionekana mzima mnadani. Antibiotiki zinaua bakteria, na virusi si bakteria. Vinajificha ndani ya chembe za mwili wa kuku mwenyewe na kuzitumia kuzaliana, dawa ile haina pa kuvishika. Hakuna dawa ya mdondo. Mshubiri haukuwadhuru kuku wangu, lakini haukuwaponya pia.

Chanjo nayo si dawa. Inauonyesha mwili wa kuku adui aliyedhoofishwa ili ujifunze kupigana naye, na somo hilo linachukua wiki moja hadi mbili. Kuku wangu walipata somo wakati adui yuko sebuleni. Kama wewe unafuga na hujawahi kuchanja, nakuomba ushike hili kabla ya mengine yote: chanjo ni ya kuku anayeruka ukuta kwa uzima. Siku unayowaona wazima na unafikiri fedha hiyo ni afadhali ununue sukari, ndiyo siku yenyewe.

Tangu hapo naendesha banda kwa kalenda. Tunachanja kila baada ya miezi mitatu, na awamu moja lazima iangukie kabla ya kiangazi kukolea, kwa sababu huku kwetu mdondo unapenda kuja kipindi cha ukame, wakati watu wanauza kuku na matenga yanazunguka kijiji hadi kijiji. Wasiposafiri kuku, husafiri viatu vyetu, matenga, na manyoya tunayomwaga ovyo kama nilivyoyamwaga mimi. Siku hizi kuku aliyekufa kwa ugonjwa namchoma au namfukia shimo refu, na kuku mgeni anakaa peke yake wiki mbili kabla ya kuonana na wenyeji. Hata akiletwa na shemeji.

Kuhusu chanjo yenyewe, uliza jina kabla ya kulipa. Ile ya LaSota ni nzuri, lakini inahitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani hadi mkononi mwako. Ikikaa kwenye rafu, umenunua maji. Nina hakika ndivyo ilivyokuwa ile yangu ya kwanza, maana niliiona ikitolewa kwenye boksi karibu na mlango, jua la saa nane linaipiga. Sisi tunaotoka mbali na friji tunafaa zaidi na I-2. Hii ilitafutwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kwa ajili ya kuku wa vijijini hasa, na uzuri wake ni kwamba inavumilia joto kuliko hizo nyingine. Huku kwetu inatengenezwa Kibaha, na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Kuvumilia joto si ruhusa ya kuiacha juani: mimi naifunga kwenye kitambaa kilicholowa, naiweka ndani ya kikapu chenye kifuniko, na nikifika nyumbani naining'iniza juu ya mtungi.

Siku ya kuchanja hatuwafungulii kuku asubuhi. Saa kumi na mbili, giza likiwa linaachia, mmoja anaingia bandani na kumtoa kuku mmoja mmoja mlangoni. Namlaza ubavu, jicho moja likiwa juu. Kichupa nakishika kikiwa wima kabisa, mdomo chini, kwa sababu ukikiinamisha matone hayalingani, kuku wengine wanapata pungufu na wengine ziada. Tone moja, jicho moja, kuku mkubwa na kifaranga sawa. Halafu nasubiri. Tone linakaa juu ya jicho kama umande, kuku anapepesa, linazama. Hapo ndipo namwachia. Ukimwachia kabla hajapepesa atatikisa kichwa na tone litaishia kwenye vumbi. Kuku mgonjwa simchanji. Vifaranga wadogo narudia baada ya wiki tatu hivi, maana kinga waliyorithi kwa mama kupitia yai inaweza kuizuia chanjo isifanye kazi yake sawasawa. Tukimaliza tunanawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa uso, kwa sababu virusi vya mdondo vinaweza kumwashia mtu macho yakawa mekundu kwa siku kadhaa.

Wengine wanaweka chanjo kwenye maji ya kunywa. Inafaa ukiwa na kuku wengi, ila maji yasiwe ya bomba yenye dawa, kuku walazwe na kiu, na maji yaliyochanganywa yaishe ndani ya saa mbili. Mimi tone la jichoni naliamini zaidi kwa sababu nimeliona likiingia.

Na usichanje peke yako. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, na ikishachanganywa haingoji mwezi ujao. Sisi tuko kaya tisa, tunachangishana, tunachanja asubuhi moja. Kuwapata hao majirani haikuwa kazi ndogo, hasa kwa mtu aliyekuwa ametangaza kuwa chanjo inaua. Nilikwenda kwa yule jirani kwanza, nikamwomba radhi, nikampelekea mitetea wawili. Kwenye kikao mzee mmoja alisema magonjwa ya mifugo yalikuwepo tangu mababu na yataendelea kuwepo. Bwana mifugo akamuuliza, "Mzee, sotoka ya ng'ombe iko wapi?" Kimya kikatanda. Sotoka ndiyo iliyofagia ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890, na simulizi zake mzee anazijua kutoka kwa babu yake. Chanjo iliyoimaliza ilitengenezwa Muguga, hapo Kenya, na mtaalamu aliyeitwa Walter Plowright, na mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kwamba sotoka ya ng'ombe haipo tena. Mzee alitoa mchango wake siku hiyohiyo.

Ndui ya kuku na gumboro vina chanjo zake na tarehe zake. Muulize mtaalamu wako akupangie, maana inategemea umri wa kuku na ugonjwa uliopo eneo lenu.

Sasa kuna jambo ambalo kalenda hii ilikaribia kunipotosha, na ndilo lililonifanya nikae kuandika.

Mtoto wa dada yangu, wakati huo akiwa na miaka saba, aling'atwa na mbwa nyuma ya mguu akitoka shule. Mbwa hajulikani wa nani, anakimbia moja kwa moja, mate yanamtoka. Mtoto alipoletwa kwangu, kichwani mwangu likaja lile somo la kuku: ugonjwa ukishaingia, chanjo imechelewa. Nilikaa chini nikihisi mtoto ameshakwenda. Nilikosea kabisa, na kosa la aina hii linaua watoto.

Kichaa cha mbwa ni tofauti. Virusi vyake havikimbii kwenye damu; vinapanda taratibu kupitia mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo, na safari hiyo kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, ikiwa fupi zaidi jeraha likiwa kichwani, usoni au mikononi. Chanjo ikianza mapema, mwili unajifunza kupigana kabla virusi havijafika. Vikishafika na dalili kuanza, mgonjwa akiogopa maji na kuweweseka, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo hapa siku inayohesabiwa ni ile ya kung'atwa. Mwaka 1885 Louis Pasteur wa Ufaransa alimchanja mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, ambaye alikuwa ameshang'atwa na mbwa, na mtoto yule akaishi.

Dada yangu hakukaa chini kama mimi. Alimburuta mtoto bombani, akachukua sabuni ya kufulia, akaosha jeraha maji yakitiririka, mtoto analia, yeye anaosha, dakika kumi na tano nzima. Nesi alisema baadaye kwamba huko kuosha ni nusu ya matibabu, kwa sababu sabuni inaviharibu virusi palepale kwenye jeraha. Usipake majivu, mafuta ya taa, pilipili wala kinyesi cha ng'ombe. Usilishone wala kulifunga kwa kulikaza. Osha, kisha nenda.

Zahanati ya kwanza hawakuwa na chanjo, wakatuambia turudi wiki ijayo. Usikubali jibu hilo. Uliza ni wapi ilipo na uende siku hiyohiyo, hata kwa kukopa nauli. Tuliipata hospitali ya pili, jioni. Bibi yake alikuwa anaogopa zile sindano nyingi za tumboni zinazosimuliwa na wazee. Hizo ni za zamani, siku hizi anachomwa begani. Alianza siku ileile, akarudi siku ya tatu, ya saba, na kuendelea hadi alipomaliza ratiba aliyoandikiwa. Jeraha likiwa kubwa au la usoni, uliza pia kuhusu kingamwili, yaani kinga iliyo tayari, inayochomwa kuzunguka jeraha lenyewe. Na usikatishe dozi kwa sababu mtoto anacheza vizuri. Atacheza vizuri mpaka siku ambayo hatacheza tena.

Mbwa akiwa anafahamika na anaweza kufungwa salama, mfungeni na mumwangalie siku 10. Akiwa na kichaa, ndani ya siku hizo atakuwa amebadilika au amekufa. Lakini mtoto asisubiri matokeo ya mbwa ndipo aanze chanjo.

Mbwa wetu wawili tunawachanja kila mwaka. Mara nyingi huduma hiyo inaletwa karibu na Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, na sehemu nyingi ni bure. Mpeleke mbwa kwa kamba, si kwa mnyororo mzito unaomfanya apigane, na mshikaji awe mtu mzima anayejulikana na mbwa huyo. Omba cheti. Vyetu nimeviweka kwenye bahasha moja na kadi ya kliniki ya mtoto na daftari la kuku, na awamu inayofuata ya kuku ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa kumi na mbili asubuhi, tukianzia kwa yule jirani.