Kazi ya kikundi ya mabamba ya dunia: bamba lisiposogea, mtoto hajajifunza

Nafundisha jiografia katika shule moja ya sekondari mkoani Mtwara. Kila mwaka, kidato cha tatu kikifika kwenye nguvu za ndani ya dunia, huwapa wanafunzi kazi ya vikundi: watengeneze mfano wa mabamba ya gandunia, yaani vipande vikubwa vya tabaka gumu la juu la dunia, vinavyosogea. Mara ya kwanza niliwaachia nafasi yote. "Tengenezeni mfano, leteni baada ya wiki mbili." Wakaleta mifano 9, mingine mizuri kiasi cha kuwekwa ofisini. Mmoja ulikuwa wa mbao, umepakwa rangi ya mafuta, milima imechongwa, bahari inang'aa. Nikawaomba wenye mfano ule wanionyeshe jinsi India ilivyoigonga Asia. Wakatazamana. India ilikuwa imebanwa kwa gundi na misumari, na aliyeibana ni fundi seremala wa mtaani kwao. Nami niliwapa alama ya juu kuliko wote, kwa sababu ya ile rangi. Jambo hilo bado linaniuma, maana kikundi cha jirani kilikuwa na vipande vya boksi vilivyochakaa, lakini watoto wake walikuwa wanavisukuma huku wakibishana nini kiende wapi.

Tangu hapo sharti langu ni kwamba bamba lisogee, na lisogezwe na mkono wa mwanafunzi mbele ya darasa. Kama mwalimu mwenzangu unapanga kazi hii muhula ujao, anza na sharti hilo kabla hujataja vifaa. Pia usiwape mada, wape swali. Ukisema "mfano wa mabamba" utaletewa picha. Ukiuliza kwa nini tetemeko huja ghafla ilhali bamba linakwenda polepole kama kucha inavyokua, watalazimika kutengeneza kitu kinachojibu. Maswali yangu mengine ni haya: Madagaska ilitoka wapi? Kwa nini milima ya Himalaya bado inainuliwa wakati India ilianza kuigonga Asia miaka kama milioni 50 iliyopita? Kwa nini tetemeko la Sumatra, kisiwa cha Indonesia, la tarehe 26 Desemba 2004 lilileta mawimbi yaliyoua watu hadi pwani ya Tanzania, ng'ambo nzima ya bahari?

Swali la tetemeko ndilo nalipenda kuliko yote, na mfano wake hauzidi thamani ya msasa na nusu tofali. Bandika msasa juu ya ubao mrefu, bandika mwingine chini ya nusu tofali, kisha weka tofali juu ya ubao, msasa kwa msasa. Funga kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye tofali, na mwisho wa mpira ufunge uzi unaozungushwa taratibu kwenye kijiti. Laza rula pembeni. Juu ya tofali wasimamishe visanduku vya kiberiti, ndiyo nyumba. Mmoja anazungusha uzi kwa mwendo uleule, mmoja anasoma rula, mmoja anaandika.

Kwa muda hakuna kinachotokea. Mpira unarefuka, tofali limetulia tuli, watoto wanaanza kusema mfano umeharibika. Halafu tofali linaruka na nyumba zinaanguka. Nimerudia zoezi hili miaka kadhaa na bado darasa hupiga kelele pale linaporuka. Lakini somo lenyewe limo kwenye daftari la yule anayeandika: safari hii limeruka sentimita 2, safari inayofuata 5, kisha likajivuta kidogo tu. Waambie watabiri mruko wa kumi. Watashindwa, na hapo wataelewa kwa nini wataalamu wanaweza kuonyesha maeneo yenye hatari ya matetemeko lakini hawatoi tarehe. Ndipo nawaeleza habari za Kagera, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9. Watu walikuwa katika shughuli zao za mchana, na ardhi iliyokuwa ikivutwa kimya kimya ikaachia.

Usiruhusu wavute kwa nguvu. Wavulana hasa hutaka kulivuta tofali kama kamba ya mashindano, na wakifanya hivyo mfano hausemi kitu, kwa sababu maana yake iko kwenye ule upole wa mvuto.

Mfano unaopendwa na walimu wengi ni uji mzito kwenye sufuria, utando wa juu ukipasuka na kusogea. Mimi pia niliutumia, kisha nikakuta kwenye mtihani karibu darasa zima limeandika kwamba chini ya mabamba kuna kimiminika chekundu kinachochemka. Si kweli. Koti la dunia, hilo tabaka nene lililo chini ya gandunia, kwa sehemu kubwa mno ni mwamba mgumu, ila kwa joto na muda mrefu linatiririka polepole. Sasa nawatajia lami. Ipige lami kwa nyundo, ni ngumu. Egesha lori juu yake jua la mchana, urudi jioni, utakuta matairi yameacha mashimo. Watoto wa Mtwara wameliona hilo kwa macho yao. Ukitaka bado kutumia uji, utumie kwa ule utando tu, na uwaambie palepale unapoishia kufanana na dunia. Kila mfano una mahali unapodanganya, na huwa nakipa kila kikundi alama 5 kwa kutaja wake unadanganya wapi.

Vilevile vitabu vingi huwaacha watoto wakidhani mabamba yanabebwa tu na mkondo wa joto kutoka chini. Uzito wa bamba lenyewe una kazi kubwa: ukingo wake wa baharini, ukishapoa na kuwa mzito, huzama na kulivuta lililobaki nyuma. Tandaza kanga kwenye meza laini, nusu yake ining'inie. Ongeza kidogo kidogo sehemu inayoning'inia mpaka kanga yote iteleze chini bila kusukumwa na mtu. Ni dakika moja, na hawasahau.

Kutanuka kwa sakafu ya bahari, yaani mwamba mpya kupanda kwenye ufa na kwenda pande mbili, nako ni kwepesi kuonyesha. Sogeza madawati mawili, acha ufa mwembamba katikati, pandisha karatasi mbili kutoka chini, moja iende kulia na nyingine kushoto, na kila zinapopanda wachore mstari wa rangi pande zote mbili. Mistari italingana kulia na kushoto. Michirizi ya sumaku iliyopimwa kwenye miamba ya chini ya bahari ililingana hivyohivyo, na katika miaka ya 1960 ndiyo iliyowashawishi wanasayansi wengi kukubali kwamba mabara husogea, jambo ambalo mwanasayansi Mjerumani Alfred Wegener alikuwa amelisema tangu 1912 na kuliandikia kitabu mwaka 1915. Alifariki Greenland mwaka 1930 kabla ya kuona akiaminiwa.

Sasa Madagaska. Huku kwetu Kusini, mwalimu akiliacha swali hili atakuwa amewanyima watoto jambo kubwa. Kata ramani ya Afrika na ya Madagaska kwenye boksi gumu, weka mezani, mwambie mtoto airudishe Madagaska ilikotoka. Wengi huisukuma moja kwa moja hadi Msumbiji kwa kuwa ndiko karibu. Mwache ajaribu. Halafu mwonyeshe mgongo wa Davie, mstari wa miamba chini ya bahari unaopita mbele ya pwani hii kuelekea kusini, ambao ni alama ya njia ambayo Madagaska iliteleza. Ilikuwa imepakana na upande wa Somalia, Kenya na Tanzania. Ikaanza kuachana na Afrika miaka kama milioni 165 iliyopita, ikashuka kusini. Kwa hiyo bahari wanayoiona kila siku, anapovua baba na anapookota chaza mama, ni ufa uliojaa maji.

Kuna mwaka kikundi kimoja kiliweka juu ya ramani ile mjusi mkubwa wa udongo, mahali penye kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi. Nilidhani ni pambo. Wakaeleza kwamba mijusi ya Tendaguru, yaani dinosaria, iliishi miaka kama milioni 150 iliyopita, wakati Madagaska ilipokuwa bado safarini, na kwamba miamba ya pale ina tabaka za nchi kavu zilizopishana na tabaka za bahari, kwa sababu ufuko ulikuwa unakuja na kurudi. Mifupa ile ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, ikapelekwa Berlin, ambako mmoja wa mijusi hiyo umesimamishwa na kimo chake kinapita mita 13. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na leo kuna mjusi mmoja wa Tendaguru anayeitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. Ndugu wa karibu wa yule mrefu wa Berlin alichimbwa Colorado, Marekani, mwaka 1900. Watoto wale waliuliza wenyewe: mnyama mzito hivyo alivukaje bahari? Nilikaa kimya wakajijibu kwa kusogeza maboksi.

Mashapo yaliyolundikana kwenye ukingo huu baada ya nchi kutengana ndiyo yanayohifadhi gesi ya Songosongo iliyogunduliwa 1974 na ya Mnazi Bay ya 1982. Litaje hilo. Watoto wanasikia habari za gesi tangu wakiwa wadogo, na wengi hawajawahi kuelezwa kwamba inahusiana na somo lao.

Kuhusu vikundi vyenyewe, usizidishe watoto 5, hata kama darasa lako ni la 60 na zaidi kama langu. Usiwaache wachaguane. Niliwahi kuwa na binti mkimya ambaye hakutakiwa na kikundi chochote kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Kikundi nilichompeleka kilikuwa cha Himalaya, na matabaka yao ya udongo yalikuwa yanapasuka kila wakiyasukuma badala ya kujikunja. Yule binti alitazama siku mbili, ya tatu akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, udongo huu haujakandwa, na hauna mchanga." Bibi yake ni mfinyanzi wa vyungu. Akaukanda upya, akachanganya mchanga kiasi, akaufunika na gunia bichi usiku mzima. Kesho yake milima ikajikunja vizuri, na kikundi kikawa kinamsubiri yeye kabla ya kugusa chochote.

Kwa ajili yake na wengine kama yeye, naruhusu maelezo ya kwanza kwa Kiswahili. Waelewe kwanza, wabishane kwa lugha wanayoiota. Kipindi kinachofuata tunaandika kwa Kiingereza cha mtihani. Sioni kuwa ni kupoteza muda. Anayejua kwa nini tofali limeruka hujifunza neno lake la Kiingereza kwa dakika 5.

Alama nagawa hivi: nusu ya kikundi, nusu ya mtu binafsi. Siku ya kuwasilisha, msogezaji wa bamba namtaja mimi palepale, hivyo hakuna ajuaye atakuwa nani. Utaratibu huu peke yake uliua tabia ya mmoja kufanya na wanne kusaini. Na mfano ulionunuliwa kwa fundi haupati kitu.

Wape pia hesabu. Bamba likienda sentimita 2 kwa mwaka, litachukua muda gani kwenda kilomita 100, yaani karibu umbali wa Mtwara hadi Lindi? Miaka milioni 5. Baada ya hesabu hiyo, mvulana mmoja aliniuliza kama Madagaska bado inatuacha. Ilishasimama zamani, nikamwambia. Sasa linalopanuka ni Bonde la Ufa, na sisi tulio upande huu tuko juu ya bamba la Somalia, linaloachana na Afrika nyingine kwa milimita chache kila mwaka. Alirudi kwenye ramani ya boksi, akauliza kama ninaruhusu aikate.

Nilimruhusu. Kwa hiyo andaa maboksi ya ziada, na uyaombe dukani wiki moja kabla. Udongo ukibaki, usiutupe. Ufunge kwenye nailoni mahali penye kivuli. Daftari la miruko ya tofali litunze pia. Langu lina miaka kadhaa sasa, na kidato kipya huanza kwa kulisoma kabla hawajagusa uzi.